Mwaka Ulioachwa Nusu Jiweni

Futa hilo cheko. Hujasikia hata robo ya maneno, tayari umekunja uso kama mtu aliyepewa uji bila sukari. Kama huamini, panda mwenyewe makaburini kule juu ya mto Timok, safu ya tatu kutoka langoni, karibu na bomba la maji. Utalikuta jiwe jeusi lenye picha mbili, mume na mke. Mume ana mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, kama maiti yeyote mwenye adabu. Mke ana 1953, kistari, halafu 19, halafu pengo la tarakimu mbili. Pengo hilo halikujazwa na halitajazwa, maana mwaka huu ni 2025 na mwenye picha yuko hai, anapika kahawa, na anasema watu. Ukishasoma, rudi uombe radhi, ndipo uendelee kusikiliza.

Mwenye picha ni Vukosava, ila mtaani wanamwita Saa, kwa sababu anatikatika. Mwaka 1987, akiwa na miaka thelathini na minne, madaktari walimfungua kifua, wakatoa valvu moja ya moyo iliyokuwa imeoza, wakamwekea ya chuma. Tangu siku hiyo, mahali penye kimya husikika tik, tik, tik, na akifungua mdomo husikika zaidi, kama mtu aliyemeza saa ya mezani. Ndiyo maana kanisani anabana midomo, na nje ya kanisa haachi kusema. Mbele ya jiko lake, ghorofa ya chini, kuna benchi la mbao linalotazama karakana ya mawe ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi mlango wa jiko uko wazi, dele la kahawa liko motoni, na wazee watatu wako benchini kama nguo zilizosahauliwa kambani. Mlango ule haufungwi kabla ya adhuhuri. Theluji ikianguka wanahamia kizingitini, lakini haufungwi.

Wa kwanza ni Blagoje, anayeitwa Nguruwe. Hakuitwa hivyo kwa tabia, ingawa lingemfaa. Alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo miaka thelathini. Wa pili ni Radisav, Asilimia, aliyekuwa karani wa takwimu manispaa, na mpaka leo hawezi kupiga chafya bila kukwambia ni wangapi kati ya mia wanaopiga chafya mwezi huo. Wa tatu ni Tihomir, Patasi, mchonga mawe ya makaburi. Lile jiwe jeusi ni kazi ya mkono wake.

Siku yenyewe ilikuwa Machi, Kwaresima imefika katikati, na Tihomir alichelewa. Si kawaida yake. Karakana iko hatua ishirini, na miguu yake inaijua harufu ya kahawa kuliko pua. Alipofika hakukaa. Alisimama na kofia mkononi, vumbi la mawe kwenye nyusi, kama mtu aliyekwenda kuposa akakataliwa mlangoni.

— Kaa, jirani, kahawa inapoa, Vukosava akamwambia.

— Vinka haendi.

— Haendi wapi?

— Niš. Hospitali. Amefungua begi, amerudisha nguo kabatini. Na basi ni saa tano.

Mtaa mzima ulijua habari za Vinka, mke wa Ognjen mtoto wa Tihomir. Miaka arobaini na moja. Moyo uliharibiwa na homa ya koo ya utotoni, valvu moja imebana, hata akipanda ngazi tano husimama katikati kama anayetafuta jina alilolisahau. Kitanda kilikuwa kinamngoja leo. Akikikosa anarudi mwisho wa foleni, foleni ni ya miezi minane, na daktari alikwisha sema wazi kwamba miezi minane huyu mwanamke hana. Ognjen yuko Vienna kwenye kazi ya majengo, angefika hospitali kesho. Wa kumsindikiza leo alikuwa Tihomir.

— Jana alikuwa anaimba, Tihomir akasema. Amenipikia maharage anaimba.

— Na leo asubuhi ameona nini?

Tihomir akaisugua kofia.

— Wanawake hao. Mtu atajuaje?

Vukosava alimtazama. Huyu mtu akidanganya husugua kofia. Alisugua hivyo hivyo mwaka ule alipovunja dirisha la kanisa akasingizia mvua ya mawe. Akaliweka hilo pembeni kama kijiko, akijua atakihitaji baadaye. Akamimina kahawa.

— Mimi najua kilichomtisha, Radisav akasema. Hesabu. Daktari kamwambia wengi wanapita miaka kumi, na zaidi ya nusu wanapita kumi na tano. Sasa mtu asiyejua hesabu anasikia nini? Anasikia hiyo nusu nyingine.

— Hata anayejua hesabu anaisikia, Vukosava akasema.

— Hapana, dada! Sikiliza. Mia ni watu wengi. Vinka ni mmoja. Mtu mmoja hawezi kufa asilimia arobaini. Ama anakufa, ama hafi. Kwa hiyo takwimu hazimhusu kabisa.

— Miaka thelathini manispaa walikulipa mshahara kwa kitu kisichomhusu mtu?

— Hujanielewa.

— Nimekuelewa. Ndiyo maana daraja letu lina upande mmoja.

Blagoje akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Akajipangusa, akajivuta mbele, na Vukosava akajua sasa zamu ni ya mifugo.

— Shida si hesabu. Shida ni mali wanayomwekea. Mimi nimefungua nguruwe wangapi? Elfu. Moyo wa nguruwe ukiuweka mezani na wa padri, huwezi kuitofautisha.

— Wewe umefungua padri lini?

— Mfano tu, jirani! Nasema hivi: daktari kampa Vinka achague. Ya chuma, au ya mnyama. Ya chuma unameza vidonge maisha yako yote damu isigande. Ya mnyama huna vidonge, lakini inachakaa, baada ya miaka wanakufungua tena. Ndivyo wanavyosema. Lakini hawakuulizi nguruwe gani! Hao weupe wa kizungu wanaokaa ndani ya banda, hawajawahi kukimbia hata siku moja. Valvu yake itafanya kazi gani? Mtafutie nguruwe wetu wa manyoya, aliyekula mikwaju ya mwaloni msituni, aliyewahi kufukuzwa na mbwa mwitu. Huyo valvu yake inafika miaka hamsini.

— Mwaloni hauzai mikwaju, Radisav akasema.

— Kokwa basi! Kokwa za mwaloni! Unanikatiza kwenye jambo la maana.

— Na huyo nguruwe akiisha kumpa Vinka valvu, Vukosava akauliza, mbwa mwitu atampata nani? Wewe?

— Cheka. Lakini wewe umewahi kujiuliza kwa nini una miaka thelathini na minane na hicho chuma? Daktari wako alisema kumi, labda kumi na tano. Mimi nimejiuliza.

— Umepata nini?

— Rakia. Chuma kinataka mafuta. Maji yanakipa kutu, pombe kali kama rakia inakisafisha. Kikombe kimoja cha asubuhi, bawaba inazunguka.

— Sijagusa rakia tangu miaka thelathini na minane iliyopita.

— Unaivuta harufu yangu kila siku hapa benchini! Nakutibu bila wewe kujua.

Kwa hili hata Tihomir alitabasamu, kisha akakumbuka taabu yake akatazama ng'ambo, kwenye dirisha la nyumba yake iliyo pembeni ya karakana. Pazia lilikuwa limefungwa. Saa ya kanisa ikagonga tatu na nusu.

Vukosava aliona anakotazama. Akasema kwa sauti ya chini kidogo, ya chini kwake yeye, maana wengine wangeiita kelele:

— Mkitaka kujua nimeishije, mniulize mimi. Nimeishi kwa bakuli la kabichi.

Wote wakamgeukia.

— Mboga za majani zinaongeza nguvu ya damu kuganda. Kidonge kinaipunguza. Ukila majani leo gunia, kesho hakuna, kidonge hakijui kishike wapi. Kwa hiyo mimi nina bakuli moja, lile la ufa. Kiasi kile kile, kila siku ya Mungu. Kidonge saa kumi na mbili jioni. Damu napimwa kila mwezi. Basi. Hakuna zaidi.

— Ndiyo hiyo siri? Radisav akasema, kama mtu aliyefunguliwa sanduku akakuta soksi.

— Ndiyo hiyo. Mwaka 1991 nilijitia ucha Mungu nikafunga Kwaresima yote kama bibi yangu. Wiki saba: upupu, maana ukichemshwa hauwashi, mchicha, kabichi, upupu tena. Ijumaa Kuu damu ikaganda mahali, mdomo ukaenda upande. Siku mbili sikuweza kusema neno.

— Nazikumbuka, Blagoje akasema. Mtaa ulipata usingizi.

— Padri akanijia, akaniambia, Vukosava, Mungu hahesabu upupu sahanini kwako. Nikataka kumjibu, sauti haikutoka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mdomo.

Walicheka, lakini Vukosava aliona wazi kwamba bakuli la kabichi halikuwaridhisha. Wanaume wanataka mtu apone kwa kitu chenye manyoya na mbwa mwitu. Bakuli lenye ufa, kila siku, miaka thelathini na minne mfululizo, hilo haliwaingii. Wala hawakuwahi kuuliza juu ya lile bati la biskuti lililo juu ya kabati lake, linaloonekana wazi kutoka benchini. Blagoje anaamini lina sukari. Radisav anaamini lina vidonge.

Bati lina kadi. Wodini, mwaka ule wa 1987, walikuwa wanawake sita, wote wamepasuliwa wiki moja, wote wanatikatika, na usiku taa zikizimwa chumba kilikuwa kama duka la fundi saa. Walipoagana waliahidiana kadi kila Mwaka Mpya. Mwaka wa kwanza Vukosava alipokea nne badala ya tano. Miaka kadhaa zikaja nne, nne, nne, akaanza kuzoea. Halafu tatu. Halafu mbili, muda mrefu mbili. Ya mwisho ilikuwa ya Rosanda wa Vranje, mwaka 2016, na Aprili hiyo hiyo binti yake alipiga simu. Rosanda alikuwa na miaka sabini na tisa na alianguka kutoka juu ya mti.

— Haya, zamu yako, Patasi, Radisav akasema. Kila mtu ametoa lake.

— Mimi sina kitu.

— Unacho, Vukosava akasema. Unasugua kofia tangu umefika. Hiyo kofia itabaki ukingo.

Tihomir akakaa hatimaye. Si vizuri; alikaa nusu, kama jiwe lililowekwa kwenye udongo laini.

— Dada Vuka, utanikasirikia.

— Nakukasirikia tangu 1989. Ongeza.

Ni kweli. Mwaka huo alikufa mume wa Vukosava, na kwao mume akifa, mke huchongwa hapo hapo pembeni, jina, picha na mwaka wa kuzaliwa, ili baadaye abaki mwaka mmoja tu wa kuandika. Tihomir alikuwa kijana mwenye bidii. Akakaa akapiga hesabu: mjane ana chuma moyoni, daktari kasema miaka kumi, 1987 ukijumlisha kumi ni 1997. Kwa nini asiifanye kazi nusu kabisa? Akachonga 19. Vukosava aliliona jiwe siku ya arobaini ya mumewe, mbele ya watu wote, mkononi ana ngano ya sadaka. Hakusema kitu siku ile. Alisema mengi siku zote zilizofuata.

— Mwaka 2000 ulipoingia, Tihomir akaendelea, mimi sikulala. Nilijua nimeharibu. Nikawaza kuziba kwa saruji, nikawaza kubadilisha jiwe. Wewe ukakataa.

— Nilikataa ili ulione kila ukipita.

— Naliona. Na nilivyoliona mwaka baada ya mwaka, nikaanza kuelewa.

— Mungu wangu, Vukosava akasema. Ameelewa.

— Sikilizeni. Kifo kinakuja, kinatafuta jina. Kinafika makaburini kuhakikisha, si ndiyo? Kinasoma: Vukosava, 1953, kumi na tisa... Kinasema, alaa! Huyu ni wa karne iliyopita. Huyu alikwisha chukuliwa. Kinakwenda zake.

Blagoje aliacha mdomo wazi. Radisav akatikisa kichwa polepole, lakini kwa namna ya mtu anayeanza kukubali.

— Kitakwimu, akasema, si jambo la kupuuza. Hata majedwali ya madaktari yanaishia mwaka wa thelathini. Baada ya hapo hakuna mstari. Sasa kama hakuna mstari, mtu atafia wapi?

— Na kama kifo hakijui kusoma? Blagoje akauliza.

— Kinajua! Kimesoma nchi nzima!

— Ngojeni, Vukosava akasema.

Alikuwa amekiweka kikombe chini. Kile kijiko alichokiweka pembeni sasa alikihitaji.

— Tihomir. Nitazame. Jana usiku taa ya karakana ilikuwa inawaka. Ulikuwa unachonga nini?

Kofia ikaanguka.

— Kipande kidogo tu, dada. Mabaki ya graniti. Nilitaka kumlinda.

— Umeandika nini?

— Jina lake.

— Na?

— Elfu moja mia tisa themanini na nne, akasema Tihomir, sauti imeingia ndani ya kola. Kistari. Halafu... kumi na tisa.

Mtoto wa mtu amefunga begi kwenda kupasuliwa moyo, anaamka alfajiri, anapita uani kuchukua taulo kwenye kamba, anakutana na jina lake kwenye jiwe la kaburi, vumbi bado bichi, na aliyelichonga ni baba mkwe wake aliyekula maharage yake jana.

— Nilitaka kifo kikimfuata Niš kikute amekwisha pita, Tihomir akasema, na macho yakamjaa maji. Ognjen ana huyo tu. Na mimi nina huyo tu. Tangu mama yake Ognjen afe, nyumba ile ilikuwa kama karakana. Yeye ndiye aliyeweka mapazia.

Vukosava alikuwa na maneno. Alikuwa nayo tayari, yamejipanga, makali, yangetosha mpaka Pasaka. Alimtazama yule mzee mwenye nyusi za vumbi, akayameza. Aliona ajabu mwenyewe jinsi yalivyoteremka.

— Wewe ni punda, akasema. Lakini ni punda anayependa. Pangusa pua, anakuja.

Vinka alikuwa anavuka barabara. Ndala za ndani, koti juu ya aproni, viganja vyeupe kwa vumbi la graniti. Alikuwa amelilaza lile jiwe kifudifudi peke yake, na ilimchukua pumzi zote. Alisimama mara mbili katika hatua ishirini. Hakuna aliyethubutu kwenda kumshika.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, wakaitika wote, na papo hapo wakamvamia.

— Mwanangu, hesabu hazikuhusu! Wewe ni mmoja!

— Mtaje nguruwe mwenye manyoya! Mwambie daktari, mwenye manyoya!

— Binti yangu, mimi sikuwa na nia mbaya, ni kinga tu, muulize dada Vuka, mtazame, miaka thelathini na minane!

— Mtazame! Mzima kama kengele!

— Anatukana kuliko mwaka jana!

Vinka aliwasikiliza wote mpaka mwisho, ana mkono kifuani. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika dukani akakuta kila kitu isipokuwa alichotumwa. Kisha akauliza, wala si kwa ukali:

— Wodini walikuwa wangapi?

— Wodi gani? Blagoje akasema.

— Alikopasuliwa mama Vuka. Walikuwa wanawake wangapi? Na wengine wako wapi?

Blagoje akamtazama Radisav. Radisav, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa nambari, alifungua mdomo na nambari haikutoka. Tihomir akaokota kofia, akakosa la kuifanyia. Miaka thelathini na sita walikuwa wamekunywa kahawa ya mwanamke huyu, wamegombana juu ya moyo wake kana kwamba ni trekta la kijiji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza alilala kitanda cha ngapi, na nani alikuwa kushoto kwake.

Katika kimya hicho ikasikika. Tik. Tik. Tik. Vinka akaisikia. Akasogea hatua moja.

— Ni hiyo?

Vukosava akafungua mdomo wazi kabisa, kama kwa daktari wa meno, na sauti ikatoka kubwa zaidi, kavu, isiyo na haraka. Vinka akainama akasikiliza, na midomo yake ikaanza kuhesabu bila yeye kujua.

— Usiku unalala nayo?

— Wiki tatu za mwanzo hulali. Baadaye ikinyamaza ndipo ungeamka. Tulikuwa sita.

— Na watano?

Vukosava akalitazama dele. Akaliinamisha juu ya kikombe cha Tihomir, likatoa masimbi ya kahawa tu, mazito, meusi.

— Kahawa imekwisha, akasema.

— Haijafika hata saa nne! Blagoje akasema.

— Imekwisha. Tihomir, nenda ukachukue begi lake. Rudisha nguo zote kama zilivyokuwa, na usikunje hovyo. Lile jiwe, lichukue ukaliweke kizingiti cha banda la kuku, uso chini. Kuku hawasomi.

— Sijasema naenda, mama, Vinka akasema.

— Wala sijakuuliza. Wewe umeniuliza, na mimi nitakujibu. Lakini si hapa, mbele ya hawa. Watamgeuza kila mmoja wao kuwa nguruwe. Nitakujibu ndani ya basi. Watano, mmoja mmoja, kwa majina, nani alifanya nini, nani aliacha vidonge na kwa nini, nani alipata mtoto aliyekatazwa kumpata. Sitakufichia. Kufika Svrljig tutakuwa kwa wa tatu. Basi linasimama pale dakika kumi. Ukiona huwezi kumsikia wa nne, shuka. Nitashuka nawe, tutasubiri la kurudi. Ila nakwambia mapema, wa tano ndiye wa kuchekesha, na wa tano tutamfikia karibu na Niš.

Vinka alivifuta viganja vyake kwenye aproni, cha kwanza, cha pili, polepole.

— Alikufaje, wa tano?

— Basi ni saa tano.

Vinka akageuka. Akavuka barabara, akasimama mara mbili kuvuta pumzi, na safari hii Tihomir alikuwa pembeni yake kila aliposimama, hamgusi, ameshika kofia kama mtu anayekinga kitu kisidondoke. Kwenye lile dirisha pazia likafunguliwa.

Vukosava akaingia jikoni. Akavaa koti jeusi na viatu vya kwenda kanisani. Akatia kidonge cha jioni mfukoni, na cha kesho, na cha kesho kutwa. Akalichukua bakuli la ufa, akaliviringisha kwenye taulo, akalitia mkobani. Kisha akapanda kigoda, akalishusha lile bati la biskuti. Blagoje akanyoosha shingo.

— Anasafiri na sukari?

— Si sukari, Radisav akasema. Nyamaza. Si sukari hiyo.

Akatoka na bati kwapani. Akaupita mlango, akashika kitasa kilichokuwa kimegandana kwa kutoguswa asubuhi, akauvuta kwa bega. Wazee wawili wakanyanyuka benchini bila kuambiwa.

— Na sisi je, jirani? Kesho?

— Kesho pikeni wenyewe, akasema Vukosava, akaufunga mlango.